Kisiwa Alichokificha Mwalimu

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kusema. Mwenye duka la steshenari asiyeshuku hamalizi mwaka. Huyu analeta cheti umbadilishie herufi mbili tatu, yule anataka umchoree mhuri wa kijiji kwenye kompyuta, wote wanakuita dada yangu mpenzi. Kwa hiyo nikisema kwamba mzee tuliyemwita Mwalimu nilimshuku miaka yote niliyomjua, asinilaumu mtu. Tena nilikuwa na haki. Alikuwa anaficha kitu kweli, na Kilwa Masoko nzima ilijua kwamba anaficha. Tulichokosea ni kitu chenyewe.

Nianze na mifuko, maana wengi walianzia hapo. Mwalimu alivaa kaunda suti siku zote, za rangi ya udongo, na fundi wake alikuwa mdogo wangu Hamisi, ambaye cherehani chake kipo barazani mwa duka langu. Mifuko ya kawaida ya koti, mtu akiingiza mkono kifundo kinabaki nje. Mwalimu aliagiza mifuko inayomeza mkono karibu mpaka kiwiko, tena yenye bitana nzito.

"Dada, huyu mzee anabeba nini humu?" Hamisi aliniuliza siku moja, koti limelala mapajani.

"Si umuulize mwenyewe?"

"Nimemuuliza. Kaniambia anabeba mikono."

Tulicheka sana. Lakini baada ya hapo nikaanza kumwangalia, na kweli mikono yake haikuonekana. Ukimpa shikamoo aliitikia marahaba kwa kutikisa kidevu, mikono imo mifukoni. Hapa kwetu mtu akinyoosha mkono na usiupokee, maneno yako yatafika sokoni kabla yako. Wengine walisema anajisikia kwa sababu ya usomi. Wengine walisema ana hirizi, na hirizi ile haitaki kugusana na mkono wa mtu mwingine. Msikitini alikaa safu ya nyuma kabisa, penye nguzo, na alikuwa wa kwanza kutoka ili asipeane mikono na waumini.

Chai alikunywa nusu kikombe. Ukimjazia, anakiacha mezani kipoe mpaka watu wageukie jambo jingine, halafu ukitazama tena kimekwisha. "Nusu, mama," aliniambia kila nilipomkaribisha. "Mimi ni mtu wa nusu." Majirani walisema anaogopa kuwekewa kitu. Mtu anayeogopa kuwekewa, walisema, ni yule ambaye naye huwawekea wenzake.

Alinifundisha bailojia sekondari, kwa hiyo la ubao nalijua kwa macho yangu. Hakushika chaki. Aliingia darasani, akasimama mbele, akasema, "Wewe, njoo uandike," na mmoja wetu aliandika kipindi kizima huku yeye akitamka. Alidai kwamba mkono unaoandika ndio unaokumbuka. Sisi tulisema hajui kuandika. Baadaye, walipoanza kusakwa watu wa vyeti feki, mji ulitulia kumsubiri Mwalimu aanguke. Hakuanguka. Hilo ndilo lililotutia wasiwasi zaidi, tukasema huyu basi ana watu wakubwa.

Na Lindi je? Kila mwisho wa mwezi alipanda basi la alfajiri kwenda Lindi mjini, akarudi jioni na mfuko mdogo mweusi. Mteja wangu mmoja alimwona kule Lindi, mtaa wa Mtanda, akikata kona kwa haraka, na kufikia kesho yake Mwalimu alikuwa na mke mdogo Mtanda, mweupe, mwenye genge la kuuza samaki wa kukaanga. Mke haumbwi kwa muda mfupi hivyo, lakini sisi tulimuumba, tukampa na genge.

Kulikuwa pia na zile waya za masikioni. Alizivaa barabarani, akitembea polepole, akitikisa kichwa, mara nyingine akijibu, "Hapana, hapana, si hivyo." Nilidhani anaongea na simu. Siku moja aliniachia simu yake dukani niichaji, akaondoka bila simu, na waya zake zilikuwa masikioni bado, na alikuwa anajibu. Nilisimama mlangoni nikamsindikiza kwa macho mpaka kona ya benki. Jioni nilimwambia mama yangu kwamba Mwalimu ni mtu wa usalama. Mama akasema usalama gani wa kumchunguza muuza dagaa.

Lakini huyo huyo mtu wa kujificha, ukimkalisha kwenye somo lake, alikuwa wazi kama uwanja. Sijawahi kuona mtu anayependa kichwa cha binadamu namna ile. Somo lake la ubongo bado ninalo. Adhana ya alasiri ilikuwa inaita, akanyamaza mpaka ikaisha, kisha akauliza, "Nani ameisikia?"

Wote tukanyoosha mikono.

"Muumini akiisikia anakwenda kuchukua udhu. Yule mama Mkatoliki wa genge anajua saa ya watoto kutoka shule imefika. Mbuzi naye ameisikia, lakini anaendelea na maganda yake. Sauti ni ile ile moja. Mwadhini hakusema maneno matatu tofauti. Tofauti iko kwa aliyepokea."

Hivyo ndivyo alivyotueleza vipokezi. Ndani ya ubongo, alisema, chembe zinapelekeana habari kwa kemikali, na kila chembe ina vipokezi vyake kwenye ngozi yake, na kila kipokezi kinaitikia kemikali yake tu. Kemikali ile ile mtaa huu inaamsha, mtaa ule inatuliza, na mtaa wa tatu haina habari nayo. Akatuelekezea mapaji ya uso kwa kidevu chake na kusema, "Usimlaumu mwadhini. Muulize aliyesikia." Kuna mzazi alikwenda kulalamika kwamba Mwalimu amelinganisha mbuzi na waumini. Mwalimu alijibu kwamba yeye alimlinganisha mbuzi na mbuzi.

Maneno hayo aliyatumia kwa kila jambo. Wawili wamegombana sokoni kwa neno moja lililosemwa: usimlaumu mwadhini. Mwanafunzi kacheka msibani: muulize aliyesikia. Yalituchosha, nasema kweli.

Alipostaafu akaanza kuja dukani na flashi. Hapo ndipo shuku yangu ilipopata chakula.

Ndani ya flashi mlikuwa na picha ya kisiwa. Mimi nimezaliwa hapa, natazamana na Kilwa Kisiwani kila nikienda gatini, na kisiwa nakijua nikikiona. Hiki kilikuwa na vijito na ghuba zilizojikunja, kimepakwa rangi kutoka buluu, kijani, njano mpaka nyekundu. Alitaka kopi ya rangi, karatasi nzuri.

"Ya wapi hii, Mwalimu?"

"Ni ramani."

"Naona ni ramani. Ya wapi?"

"Ya mahali unapoishi na hujawahi kufika."

Kisha akataka nifute faili kwenye kompyuta, akasimama nyuma yangu mpaka nikalifuta, na akataka nifute na lile pipa la takataka la kompyuta. Miezi kadhaa baadaye akaja na nyingine. Kisiwa kile kile, lakini nyekundu imehama. Mara iko mkiani, mara iko kichwani, mara katikati. Tena futa, tena simama nyuma yangu.

Asiyetoka Kilwa hawezi kujua maana ya jambo hilo. Hapa mtu akichimba choo anaulizwa amepata nini. Kila ukoo una babu aliyeona Wajerumani wakizika masanduku, na kila mwaka anakuja mgeni mwenye kofia na karatasi iliyokunjwa. Sasa mzee asiyetoa mikono mifukoni, anayesafiri kila mwezi, anayejibu sauti ambazo sisi hatuzisikii, ana ramani ya kisiwa ambayo nyekundu yake inahama. Ungefikiri nini?

Siku moja mashine ilikwama na karatasi ikatoka imepakwa nusu. Nikamtolea nyingine; Mwalimu akachukua hiyo nzima, ile iliyoharibika akaisahau. Niliiweka. Karatasi ni yangu, wino ni wangu. Nikampelekea Mjomba, kaka wa mama yangu, ambaye maisha yake yote amekuwa akimtafuta Mjerumani.

Mjomba aliigeuza karatasi huku na huku juu ya mkeka. "Wallahi ni Kisiwani," alisema. "Ila wamekipindua juu chini ili tusikijue." Nyekundu iliangukia penye shamba la mihogo la wakwe zake. Akavuka maji na wenzake wawili, wakachimba, wakapata kigae cha chungu na soli ya kandambili. Wakwe walimsimamia mpaka akafukia shimo na kupanda mihogo upya. Mpaka leo akienda kule anakaribishwa kwa uji tu.

Habari zilimfikia Mwalimu. Alikuja dukani akicheka mpaka machozi yanatiririka, na hakuyafuta, maana mikono ilikuwa mifukoni. "Mlichimba penye nyekundu?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Basi mlichimba kisogoni. Pale ndipo macho yanapoleta yale yanayoyaona. Na bado hamkuona kitu."

Ndipo akanieleza kwamba ile si nchi. Ni gamba la ubongo, lile tabaka la juu lililojikunjakunja, limekunjuliwa na kulazwa kama ganda la chungwa. Kila ramani ni ya aina moja ya kipokezi: palipo na nyekundu vimesongamana, palipo na buluu ni haba. Ndiyo maana nyekundu inahama. Sehemu zinazopokea tunayoyaona zina mchanganyiko wao, na zile za kupanga na kuamua zina mchanganyiko wao mwingine, kama mitaa ya mji isivyokuwa na watu sawa.

"Sasa kama ni ubongo tu, kwa nini unafutisha?" nilimuuliza.

Kicheko kikamkauka. Akaaga. Nikasema moyoni, mwenye haki hafuti.

Sasa nifike kwa Hamisi, ingawa moyo wangu hautaki.

Alianza kwa kusema cherehani kinamwita. Tukadhani ni utani. Kisha akawa anafunga mlango mchana, anasema darini kuna watu wanamtukana kwa jina la mama yake. Tulimpeleka hospitali, wakampa vidonge, na sauti zikashuka kweli. Tulishukuru Mungu. Lakini mikono ilianza kutetemeka, miguu ikawa mizito, na uso wake, uso ule uliokuwa haukosi mzaha, ukawa kama umepigwa pasi. Hakuweza kutunga uzi kwenye sindano. Vitundu vya vifungo vilipinda. Wateja walikuja mmoja mmoja, kwa adabu, kuchukua vitambaa vyao.

Baadaye mama alifungua droo ya cherehani akitafuta kifungo, akakuta vidonge vimechanganyika na vifungo. Alikuwa ameacha kuvimeza. Mikono ilikuwa imerudi, na sauti nazo zilikuwa zimerudi. Nililia siku ile. Nilimwomba, nikamkaripia, nikamwomba tena.

"Dada," alisema, "sauti zinanitukana, lakini nashona. Dawa inazinyamazisha, halafu inaninyamazisha na mimi. Bora matusi."

Mambo yakaharibika. Alimtoa mbio mteja kwa mkasi. Tukamfungia chumbani, na Mjomba akaitisha kikao uani kwa mama. Alikuwa amepata mganga huko bara, kupita kijiji cha Miteja, anayetia wagonjwa miguu kwenye mkatale wa mbao na kuwachanja mpaka watulie. Gari lilikuwa limeshapatikana. Mama alikuwa ameuma pembe ya kanga mdomoni. Mimi nilikataa, lakini nilipoulizwa nina dawa gani nyingine nilitaja ile ya hospitali tu, ambayo Hamisi alishaapa kwamba hataimeza tena.

"Hodi," sauti ikabisha mlangoni.

Alikuwa Mwalimu, mikono mifukoni. Hakuna aliyemwita. Mjomba alipomwona alikumbuka mihogo.

"Karibu, mwenye ramani. Umekuja kutuchimbisha wapi leo?"

Mwalimu aliomba radhi kwa kuingilia, kisha akasema Hamisi arudishwe hospitali, na aseme huko habari ya mikono. "Dawa ni mbiu," alisema. "Inapigwa mji mzima, haichagui mtaa. Vipokezi vile inavyovizuia vipo haba juu kwenye gamba, lakini chini ndani kabisa, panapopangwa mwendo wa mikono na miguu, vimesongamana. Kwa hiyo mikono imeisikia mbiu kuliko sauti zilivyoisikia. Dawa haikukosea na kijana hakukosea. Ziko dawa nyingine zinazogusa vipokezi vingine pia. Na hata hiyo hiyo inaweza kupunguzwa. Lakini asiposema, wao watajuaje?"

"Maneno ya kitabu," Mjomba alisema. "Mwalimu, nakuheshimu. Lakini wewe umekijuaje kichwa cha mwenzio?"

Nilimwona Mwalimu akimtazama mama, kisha mlango wa chumba cha Hamisi. Halafu akatoa mikono mifukoni.

Aliiweka juu ya meza ndogo ya kahawa na vikombe vikaanza kulia. Mikono ilikuwa inatetemeka yote miwili, vidole vinasuguana kama mtu anayehesabu tasbihi ambayo haipo. Ilikuwa mikono mizuri, myembamba. Niliona aibu kuitazama na sikuweza kuacha.

"Nimekijua kwa sababu cha kwangu ndicho hicho," alisema. "Nilikuwa kijana, ndiyo kwanza nimeajiriwa, niliposikia ubao unanisema. Lindi mjini nafuata dawa, sina mke kule. Mikono ilipoanza hivi sikumwambia daktari. Nilisema, mwalimu atasemaje kwamba ana kichaa na mikono imekufa? Nikatafuta mtu wa kuniandikia, nikatafuta fundi wa mifuko, nikavaa waya ili nikizijibu sauti watu wadhani ni simu, na ramani nikazifutisha mtu asiulize natafuta nini kichwani. Nilipokuja kusema walinibadilishia, sauti zikapungua, hazikwisha. Mikono ilikuwa imeshazoea. Huyu wa ndani bado hajachelewa."

Mama akatoa kanga mdomoni. "Mficha maradhi kifo humuumbua," alisema polepole, na sijui alikuwa anamwambia nani.

Mlango wa chumba ulisukumwa kwa ndani. Mjomba mwenyewe alisimama akafungua kamba. Hamisi akatoka, macho mekundu, akaja mpaka mezani, akaitazama ile mikono.

"Mwalimu," alisema, "kumbe kweli ulikuwa unabeba mikono."

"Nilikwambia, mwanangu. Hukuniamini."

Tulikwenda hospitali wote wanne, mama, mimi, Hamisi na Mwalimu. Gari lilikuwa lile lile la Mjomba, limegeuzwa njia. Walimsikiliza, wakambadilishia taratibu. Sitasema amepona, maana sipendi uongo. Amenenepa, analala kama gogo, na ziko siku anakaa ameinamisha sikio kuelekea darini. Lakini anatunga uzi mwenyewe.

Mwalimu ndiye aliyelipia ukweli ule. Nani aliyatoa maneno uani kwa mama sijui, na wala sitaacha kushuku. Watoto waliokuwa wakienda kwake kwa tuisheni walipungua, kisha benchi lake likabaki la kuku. Mzazi mmoja alisimama mbele ya kaunta yangu akasema, "Mtoto wangu nimwachie kichaa?" Nilimrudishia kitambulisho chake bila kukitoa kopi, nikamwambia mashine imeharibika. Mashine ilikuwa inanguruma.

Juzi juzi Mwalimu alikuja dukani asubuhi. Nilimjazia kikombe kwa mazoea mabaya, nikashtuka, akasema niache. Alikinywa mbele yangu kwa mikono miwili, chai ikimwagika juu ya karatasi za mtu. Nikatumia nafasi hiyo kumuuliza habari ya ndimu, maana kila Ijumaa hununua ndimu za kutosha majirani watatu, na anaishi peke yake, na hilo halihusiani na ubongo.

"Ndimu ni mambo mengine," alisema. Ninachunguza.

Kisha akamgeukia Hamisi barazani na kumpa kitambaa, rangi ile ile ya udongo.

"Kaunda suti. Ila hii usiitie mifuko."

Hamisi alikitandika kitambaa, akavuta tepu shingoni, akaanza kumpima mabega, kisha urefu wa mkono. Mkono ulikuwa unaruka, tepu ikateleza, akaanza upya, ikateleza tena.

"Mwalimu, tulia basi nikupime."

"Nimetulia, mwanangu," Mwalimu alisema. "Hivi ndivyo ninavyotulia."